Familia ya watu 8, nyumba yenye bwawa pwani ya Málaga mwishoni mwa Juni: tuanze na lipi?

Mama_Chukwani

Assalamu alaikum ndugu zangu. Tunapanga kwenda Uhispania mwishoni mwa Juni mwakani kwa siku 10, tukitokea Unguja. Tupo 8: miye na baba watoto, mama yangu (miaka 71, magoti yanamsumbua), wifi yangu, na watoto wa miaka 15, 11, 7 na 3. Hoteli hatuitaki. Tunataka nyumba nzima yenye jiko na bwawa la kuogelea, popote kati ya Málaga na Almuñécar, na siku moja tupande Granada tuione Alhambra, ile ngome ya kale ya wafalme Waislamu.

Nimepata nyumba moja, picha zake zinavutia, imeandikwa "mita 900 kutoka baharini". Mwenyewe anataka nusu ya kodi sasa hivi, na hairudishwi. Nilipe, au viza kwanza? Na nyumba za kule mtu azitazame kwa jicho gani? Gari moja litatutosha? Tubebe chakula gani kutoka nyumbani?

Boti_ya_Asubuhi

Waalaikumu ssalam dada. Hiyo nusu usiilipe. Ombi la viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uhispania ikiwemo) linataka uonyeshe mahali pa kulala, halitaki uwe umeshatoa pesa isiyorudi. Tafuta nyumba inayokubali kufutwa bure mpaka wiki chache kabla ya safari, na tiketi iwe ya kushikiliwa nafasi tu. Mkinyimwa viza, mnachopoteza hasa ni ada ya maombi.

Ada yenyewe ni euro 90 kwa mwenye miaka 12 kwenda juu, euro 45 kwa wa miaka 6 hadi 11, na chini ya miaka 6 bure. Kwenu watu wazima 4 pamoja na wa miaka 15 ni 450, wa miaka 11 na 7 ni 90, wa miaka 3 halipi. Jumla euro 540.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45, kwa hiyo msingoje Mei. Safari ikiwa tarehe 20 Juni, mlango unafunguliwa tarehe 20 Disemba. Februari au Machi muwe mmeshafika Dar kupeleka maombi. Wenye miaka 12 na zaidi hutoa alama za vidole wenyewe, hakuna kuwakilishwa, kwa hiyo bibi naye apange kupanda boti. Aliyewahi kutoa alama kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita huenda asitakiwe tena.

Pasipoti ziwe na miezi 3 zaidi ya siku ya kutoka Ulaya, zimetolewa ndani ya miaka 10, na zina kurasa 2 tupu. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwa kila mtu, nchi zote za Schengen, siku zote za safari. Kuhusu fedha, Uhispania huweka kiwango cha chini kwa kila mtu kwa siku, na hubadilika kufuatana na mshahara wa chini wa kwao. Mwaka 2025 kilikuwa euro 118.40, kwa watu 8 siku 10 hiyo ni euro 9,472. Angalieni kiwango cha mwaka wenu kabla ya kuandaa taarifa za benki.

Yanayoangusha watu zaidi ni madogo. La kwanza ni tarehe kupishana: bima inaanza tarehe 21, tiketi tarehe 20, nyumba tarehe 22. La pili ni pesa nyingi kuingia kwenye akaunti kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuchapisha taarifa ya benki, bila maelezo ya ilikotoka. La tatu, na kwetu ndilo kubwa, ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema "Hamis", pasipoti inasema "Khamis". Au cheti kina majina mawili na pasipoti ina matatu. Kaeni chini na vyeti vyote vinne vya watoto na pasipoti zenu, mlinganishe herufi kwa herufi, sasa hivi, maana kurekebisha cheti kunakula muda. Vyeti vya Kiswahili vitafsiriwe.

Ramani_na_Dira

Boti kamaliza ya viza, miye niseme ya nyumba.

Dada, "mita 900 kutoka baharini" kule ni umbali wa mstari ulionyooka, kama ndege wa angani anavyoruka. Pwani ile milima inashuka mpaka ufukweni, si kama Jambiani au Paje ambako ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga. Muombe mwenye nyumba alama kamili ya mahali kwenye ramani, kisha uweke njia ya kwenda kwa miguu mpaka ufukweni na utazame kimo. Mita 900 zenye mpando wa mita 120 ni sawa na kupanda ngazi za jengo la ghorofa 40. Bibi atashuka mara moja, halafu siku zilizobaki atakaa nyumbani. Tazama pia picha ya setilaiti: ukiona njia ya mwisho ni ya vumbi na ina kona za kujikunja, fahamu kwamba kampuni nyingi za kukodisha magari hazilipi bima kwa uharibifu uliotokea kwenye barabara isiyo ya lami.

Ndani, nyumba za mlimani hujengwa kwa madaraja: sebule juu, vyumba chini, bwawa chini zaidi. Uliza swali moja lililo wazi: je, kipo chumba cha kulala na choo kwenye sakafu ile ile ya jiko, bila ngazi hata moja? Na bafu lake lina mahali pa kusimama, au ni la kuvuka ukingo? Magoti mabovu na ukingo wa sentimita 50 havipatani. Vyooni usitegemee mpira wa maji, bebeni kopo.

Bwawa ndilo la kukazia macho zaidi, kwa sababu ya huyo wa miaka 3. Nyumba nyingi za watu binafsi bwawa lao halina uzio, na mlango wa sebule wa kioo unafunguka moja kwa moja kwenye maji. Usiridhike na neno "salama kwa watoto". Omba picha ya uzio wenyewe na ya komeo la geti lake. Hakuna uzio, tafuta nyumba nyengine. Uliza pia kama maji yanapashwa moto na kwa malipo gani kwa siku. Mwishoni mwa Juni bwawa lisilopashwa bado lina ubaridi, na watoto wetu waliozoea maji ya huku watatoka wanatetemeka.

Bahari ni hivyo hivyo. Pwani ya Málaga mwezi Juni maji huwa kama nyuzi 20 au 21, na upepo wa magharibi ukivuma yanashuka zaidi, kwa sababu maji baridi ya chini hupanda juu. Hakuna bamvua wala maji mafu ya kuhesabu. Bahari inakaa pale pale kutwa. Lakini upande wa Nerja na Almuñécar fukwe nyingi ni za changarawe za kijivu na kina kinaanza karibu. Kila mtoto awe na viatu vya maji. Tazameni bendera ya ufukweni: kijani ogeleeni, njano kwa tahadhari, nyekundu hakuna kuingia.

Mambo mengine ya kuuliza kabla ya kulipa chochote. Namba ya usajili wa utalii ya Andalusia: mara nyingi inaanza na VFT au VUT, kisha MA kwa mkoa wa Málaga au GR kwa Granada. Asiyekuwa nayo, achana naye. Anayekuambia mtoke kwenye mtandao wa kukodishia mkamlipe benki ili awapunguzie bei, achana naye pia. Pesa ikipotea hakuna wa kumdai. Lakini akikuomba taarifa za pasipoti za kila mmoja wenu usishtuke, sheria ya kule inamlazimisha kuzipeleka serikalini.

Kiyoyozi kiwe kila chumba cha kulala. Málaga ina upepo unaoitwa terral, unatoka bara umekauka, na ukivuma joto linaweza kupita nyuzi 40. Na umeme wa kule hauishi kama TUKUZA (umeme wetu wa kulipia kabla), ila kila nyumba ina kikomo cha kilowati inazoruhusiwa kuvuta kwa wakati mmoja. Mkiwasha oveni, mashine ya kufulia, birika na viyoyozi viwili pamoja, swichi kuu inajizima. Si hitilafu. Zimeni kimoja, inueni swichi. Plagi zao ni za pini mbili za mviringo, zetu za pini tatu bapa haziingii. Bebeni adapta 4 au 5. Nguvu ya umeme ni ile ile ya volti 230.

Mwisho, siku 10: Julai na Agosti wengi hukodisha Jumamosi kwa Jumamosi tu, usiku 7 au 14. Mwishoni mwa Juni bado wapo wanaokubali 10, basi ulizeni kabla ya kushika tiketi.

Mama_Chukwani

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Ile nyumba nimemuuliza kuhusu uzio, kasema "hakuna haja, watoto wataangaliwa". Nimeiacha. Bado chakula, gari na nyakati za sala.

Jikoni_Wete

Dada, anza na sufuria. Majiko ya nyumba hizo mengi ni ya kioo, na baadhi ni ya sumaku: hayapashi sufuria ya alumini hata kidogo, chombo kinakaa baridi na jiko linapiga mlio. Kwa hiyo usibebe sufuria zetu. Waulize wana sufuria ya lita 8 au zaidi, maana nyumba ya watu 8 mara nyingi huwa na vyungu vya watu 4.

Mchele wao wa kawaida ni wa duara, unakunywa maji mengi na kugandana. Kwa pilau nunueni pakiti iliyoandikwa basmati. Bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga bebeni kutoka nyumbani, vikavu na vimefungwa. Nyama, samli na maziwa marufuku kuingia navyo Ulaya, hata kidogo, vinachukuliwa forodhani. Matunda na mboga mbichi hutaka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nazi, ndizi, nanasi, tende na duriani. Embe na ndimu msijaribu.

Nyama ya halali inapatikana Málaga mjini na Fuengirola, tafuteni maandishi "carnicería halal". Mkiwa Nerja au Almuñécar nunueni ya siku kadhaa mgandishe. Kwenye maduka ya kawaida someni maneno haya: cerdo ni nguruwe, jamón ni paja lake, tocino na manteca de cerdo ni mafuta yake, na haya ya mwisho hujificha ndani ya biskuti na mikate mitamu. Supu ya baridi inayoitwa salmorejo hunyunyiziwa jamón juu, basi semeni "sin jamón" mapema. Cha kuwafurahisha watoto ni espeto: sadini waliochomekwa kwenye kijiti cha mwanzi na kuchomwa kwa moto wa kuni, mara nyingi ndani ya mashua kuukuu iliyojazwa mchanga. Chumvi tu, hakuna kingine.

Jumapili maduka makubwa mengi yamefungwa. Mkifika Jumamosi usiku bila unga wala maziwa ya mtoto, mtalala hivyo hivyo.

Sala: mwishoni mwa Juni Málaga adhuhuri inaingia kama saa 8 na dakika 20 mchana, magharibi karibu saa 3 na dakika 40 usiku, na isha inapita saa 5. Kwetu wakati huo magharibi ni saa 12 na robo. Wa miaka 3 na wa miaka 7 lazima walale mchana, la sivyo jioni hamtakuwa na amani. Na kibla: huku tunaelekea kaskazini, kule ni mashariki, ikiinama kidogo kusini. Bibi aonyeshwe siku ya kwanza.

Ramani_na_Dira

Gari: leseni ya kawaida inatosha kwa gari la viti 9 pamoja na dereva, na nyinyi mnakaa. Tatizo ni mizigo. Viti vyote vikitumika nyuma huingia mabegi 4 au 5 tu. Chagueni lile refu zaidi, au magari mawili madogo kama wifi anaendesha. Dereva awe na leseni ya kimataifa pamoja na yake, na kadi ya mkopo yenye jina lake mwenyewe, kwa sababu wanazuia dhamana humo na kadi ya kawaida wengi wanaikataa. Mtoto aliye chini ya sentimita 135 lazima kiti chake, nyuma. Agizeni viti viwili mapema. Barabara ya A-7 kwenda Nerja na Almuñécar haina malipo.

Alhambra: tiketi ni ya jina na namba ya pasipoti, na ina saa maalumu ya kuingia majumba ya Wanasri, ukoo wa wafalme wa mwisho Waislamu wa Granada. Mkipitisha saa hiyo, majumba hamyaoni. Hata mtoto asiyelipa anatakiwa tiketi. Nunueni wiki nyingi kabla, ila viza ikishatoka, na siku hiyo pasipoti zote mkononi. Bustani zina mawe na mipando, kwa bibi ulizeni kiti cha magurudumu. Baada yake ingieni Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa 2003 mtaa wa Albaicín. Ukisimama bustanini unaitazama Alhambra ng'ambo ya bonde. Na pale Almuñécar ndipo Abdur-Rahman wa Kwanza, mwanzilishi wa utawala wa Bani Umayya huko Uhispania, alipotia nanga mwaka 755; sanamu yake ipo chini ya mwamba wa ufukweni, watoto wa skuli wasomeshwe hapo hapo.

Mama_Chukwani

Jikoni_Wete, nazi nibebe ngapi, na mbuzi ya kukunia je?

Jikoni_Wete

Kwa wali wa nazi wa kilo moja mnatumia nazi 2. Mkipika mara tatu, nazi 6, zimefuliwa, zimefungwa moja moja kwa gazeti katikati ya nguo. Mbuzi ina ulimi wa chuma, iingie kwenye begi la chini ya ndege, ulimi umefungwa kitambaa. Kwenye mkoba wa mkononi wataichukua. Ukiona uzito umezidi, acha zote. Madukani kuna makopo ya tui ya mililita 400, yameandikwa "leche de coco". Kilo moja ya mchele makopo 2, uongeze maji.