Mjadala: Je, msafiri wa likizo abebe kisu cha mfukoni anapovuka mpaka?

Mama wa Jinja (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo wengi hulidharau mpaka siku linapowakuta kwenye meza ya ukaguzi. Disemba inakaribia. Familia nyingi hapa kwetu Uganda zinapanga kwenda Mombasa, Zanzibar au Kigali, na wachache waliojaliwa watapanda ndege Entebbe kwenda Ulaya kuwaona watoto na ndugu zao. Swali langu ni hili: msafiri wa likizo anayo sababu ya kutosha ya kuchukua kisu kidogo cha kukunja, au akiache nyumbani?

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kisu kisafiri ndani ya mzigo mkubwa, kitumike pale mtu anapolala na kula, na kisitiwe kamwe mfukoni anapotoka kutembea mjini. Sisemi hivyo kwa kukichukia kisu. Marehemu baba yangu alikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe ya ng'ombe, ambacho ubapa wake ulikuwa umeliwa na kinoo hadi ukawa mwembamba kama jani la muwa, na karibu na ncha palikuwa na pengo dogo lililotokana na siku aliyojaribu kufungulia mkebe wa rangi. Alinirithisha mimi, si kaka zangu. Nilipokwenda kumtembelea dada yangu ng'ambo nilikifungia kwenye sanduku, nacho kikafika salama. Asubuhi ya kurudi nilikitumia kukata kamba ya boksi la zawadi, nikakitumbukiza kwenye mkoba wa mkononi kwa haraka, na mashine ikakiona kabla mimi mwenyewe sijakikumbuka. Askari alikuwa mpole. Aliniambia kwamba naweza kutoka nje nikamkabidhi aliyenisindikiza, lakini dada alikuwa ameshaondoka na abiria walikuwa wameanza kuingia ndegeni. Nilikitazama kikianguka ndani ya pipa lililojaa mikasi ya watu wengine. Hadi leo nikimenya chungwa mkono wangu hukitafuta.

Hilo ni la ndege, na ndege ina dawa: weka kwenye sanduku linaloingia chini. Tatizo kubwa zaidi linaanza baada ya kushuka, kwa sababu kila nchi ina kipimo chake. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6, kinaruhusiwa kubebwa bila kutoa sababu, ila ubapa ukiwa unajifunga baada ya kufunguliwa, ruhusa hiyo inaondoka hata kama kisu ni kidogo kuliko kidole, na adhabu yake inaweza kufika miaka 4 gerezani. Japani kipimo ni sentimita 6, tena hata chini ya hapo mtu anaweza kushtakiwa kwa kukificha mwilini bila sababu halali. Ujerumani kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga hakiruhusiwi kubebwa hadharani bila sababu inayokubalika, na baada ya watu watatu kuuawa kwa kisu katika tamasha la Solingen mwezi Agosti 2024, sheria ilikazwa zaidi kuhusu sherehe za umma na treni za masafa marefu. Kwa hiyo kisu kilekile kimoja, bila kubadilika hata chembe, kinaweza kuwa halali asubuhi na kosa jioni.

Dereva wa Malaba

Mama, shikamoo, na pole kwa kisu cha mzee. Hata hivyo sikubaliani nawe. Mimi ni mtu wa barabara, ninasafirisha watu kati ya Kampala na Nairobi, na ninaona kwamba unamhukumu msafiri wa basi kwa makosa ya msafiri wa ndege. Sisi tukisimama Namawojjolo, abiria ananunua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kupitia dirishani. Mbele kidogo ananunua nanasi zima kwa sababu ni rahisi kuliko lililokatwa, na pia kwa sababu hajui maji yaliyooshea lile lililokatwa yametoka wapi. Nanasi hilo atalila vipi bila kisu? Mzigo mkubwa uko kwenye buti, na kondakta hafungui buti kila mtu anapohisi njaa.

Tena kisu kimewahi kunisaidia katika jambo zito kuliko nanasi. Gari dogo lilipinduka mbele yetu usiku, na mama mmoja alikuwa ananing'inia kwenye mkanda uliokwama, akilia kwamba hawezi kupumua. Nilikata mkanda ule kwa kijisu cha mfukoni, kwa kuukereza polepole kutoka ukingoni, maana ukanda ule ukiukata katikati makali yanateleza. Ningesubiri hadi nifungue buti? Nchi hii panga liko nyuma ya kila mlango, na hakuna anayeshtuka. Kinachokatazwa na sheria yetu ya makosa ya jinai ni kujitokeza hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Mtu anayemenya nanasi hamtii mtu hofu.

Binti wa Arua

Mimi nina hoja ambayo hakuna aliyeigusa. Mwanamke anayesafiri peke yake hatafuti kumenya nanasi. Anatafuta kufika chumbani akiwa salama. Mwaka jana nilikaa wiki mbili katika mji wa pwani nisioufahamu, na kila jioni nilitembea kutoka kituo cha basi hadi nyumba ya wageni nikiwa nimeshika kijisu ndani ya mfuko wa gauni. Sikukitumia hata mara moja. Lakini nilitembea wima. Naomba wanaosema kiachwe nyumbani watuambie badala yake tushike nini.

Mama wa Jinja

Nianze na binti yangu wa Arua, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mwanangu, hofu yako ni ya kweli, na sitathubutu kuidogosha. Lakini sababu uliyoitaja ndiyo ile inayompeleka msafiri pabaya. Uingereza, kwa mfano, mtu akikutwa na kisu kinachohitaji sababu, kisha akasema alikibeba ili ajilinde, kwa kawaida maelezo hayo hayamwokoi; yanathibitisha kwamba alikichukulia kisu kuwa silaha. Aliyesema alikuwa anatoka kukata matunda mahali fulani anaweza kusikilizwa. Aliyesema anaogopa watu hasikilizwi. Hata ile dawa ya kupuliza machoni ambayo wengi huiona kuwa mbadala wa upole, huko ni silaha iliyopigwa marufuku. Na nje ya sheria kuna mwili wenyewe: kisu kifupi kinamtaka aliyekishika amsogelee adui hadi umbali wa mkono, umbali uleule ambao adui anautaka. Utembee wima, ndiyo, lakini afadhali kwa kumpigia simu mwenyeji akungojee kituoni, au kwa kulipia bodaboda inayojulikana na nyumba unayolala. Najua hizo ni gharama, na si haki kwamba mwanamke ndiye azilipe. Hata hivyo afadhali ulipe nauli kuliko kumlipa wakili katika mji ambao humjui hata mtu mmoja.

Kwa kaka yangu wa Malaba, nakubali nusu. Wewe ukiwa kazini ndani ya gari lako, unayo sababu inayoonekana kwa macho, nami ningependa kila dereva awe na kifaa cha kukatia mkanda, hata kile cha plastiki ambacho makali yake yamefichwa ndani ya mdomo mwembamba usioweza kumchoma mtu. Lakini abiria wako akishuka Nairobi na kijisu kile mfukoni, nanasi limeshaliwa na sababu imekwisha, ila kisu bado kipo. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Na usiseme kwamba hapa kwetu hakuna anayeshtuka. Tangu mabomu ya Julai 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70 pale Kyadondo na Kabalagala, mlinzi anapekua mikoba kwenye milango ya maduka makubwa ya Kampala, na kisu kikionekana hutaingia nacho. Tumeshazoea hilo nyumbani. Kwa nini tulione kuwa uonevu ugenini?

Mwanafunzi wa Mbarara

Nyongeza fupi. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa tangu 2014 Waganda, Wakenya na Wanyarwanda tunavuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa, basi na sheria zimekuwa moja. Hazijawa moja. Mtu akipita Katuna na mfuko wa plastiki alionunulia nyanya Kabale, upande wa Rwanda utachukuliwa, kwa kuwa wao waliupiga marufuku tangu 2008, ingawa nyanya ni zilezile na mkono ni uleule. Ikiwa mfuko tu una mpaka, sembuse kisu?

Tena hata watengenezaji wameliona hili. Kampuni ya Uswisi inayotengeneza vile visu vyekundu, ambayo mwanzilishi wake Karl Elsener alisajili kisu cha maofisa mwaka 1897, ilisema mwaka 2024 kwamba inaandaa kifaa cha mfukoni kisicho na ubapa kabisa, kwa sababu sheria za visu zinakazwa katika nchi nyingi.

Dereva wa Malaba

Mama, nimekuelewa kuhusu nanasi kwisha na kisu kubaki, hapo umenishika. Abiria wangu nitawaambia wakishuka wavirudishe visu kwenye mzigo. Cha kwangu lakini kitabaki ndani ya gari, kwenye droo ya mbele pamoja na tochi, wala sitakihamishia kwenye buti. Usiku ule yule mama aliyekuwa ananing'inia alikuwa na mtoto mgongoni.

Mama wa Jinja

Kibaki hapo hapo kwenye droo, kaka. Sikukusudia kisu hicho.