Armstrong hana kaburi: jioni ya kumkumbuka tuiandae vipi?

Kilimia

Wakuu, heshima kwenu.

Klabu yetu ya watazama anga imeamua kuwa na jioni moja kila mwaka ya kumkumbuka Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, na tumependekeza tarehe 25 Agosti, siku aliyofariki mwaka 2012. Tunatarajia watu kama 40, wengi wao wanafunzi. Tumekwama mwanzoni kabisa, kwa sababu mtu huyu hana kaburi. Wengine tungewawekea maua kwenye jiwe lenye jina lao, yeye jiwe hana.

Naomba wenye kujua watusaidie mambo manne. Darubini yetu ni ya kioo, kipenyo mm 114, fokasi mm 900, na ina lenzi za macho mbili, ya mm 25 na ya mm 6. Je, itatuonyesha mahali alipotua? Pili, tumepata picha nzuri ya mwanaanga amesimama mwezini, kioo cha kofia kinang'aa. Inafaa kwa bango? Tatu, tunaruhusiwa kupandisha bendera nusu mlingoti? Nne, mwenzetu mmoja anataka tununue nyota, tuipe jina lake, halafu tutumiwe cheti. Hela hatujatoa bado.

Jicho_la_Usiku

Nianze na tarehe, maana ndiyo itakayowaharibia shughuli. 25 Agosti haifuati mwezi. Mwaka mmoja mtaikuta giza, mwaka mwingine mwezi mpevu, na vyote viwili havifai. Wengi hudhani mwezi mpevu ndio wa kutazama kreta, yaani mashimo ya Mwezini. La. Jua likiwa utosini kwa Mwezi vivuli hupotea, na bila vivuli kreta ndogo huwezi kuitofautisha na doa. Mnataka usiku ambao jua ndiyo kwanza limechomoza pale alipotua, na huo ni usiku wa 5 au wa 6 tangu mwezi kuandama. Chagueni usiku wa namna hiyo ulio karibu na 25 Agosti. Mkishindwa kabisa kuiacha tarehe yenyewe, basi iwe jioni ya maneno na picha, darubini ipangiwe siku nyingine.

Darubini yenu inatosha, ila muwaeleze watu mapema wanachokwenda kuona. Chombo chenyewe hakionekani kwa darubini yoyote iliyoko duniani. Sehemu iliyobaki kule, miguu ikiwa imetandazwa, ina upana wa mita 9.4, na Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu. Hata darubini ya Hubble haifikii hapo. Kinachoonekana ni eneo lenyewe, na kreta yenye jina lake.

Njia ya kufika ni hii. Anzeni na lenzi ya mm 25, inayokuza mara 36, mtafute Mare Tranquillitatis, yaani Bahari ya Utulivu, tambarare kubwa yenye rangi ya majivu. Kwenye ukingo wake wa kusini-magharibi kuna kreta mbili pacha zilizogusana, Ritter na Sabine, kila moja kama kilomita 30. Mkizipata hizo, wekeni lenzi ya mm 6, inayokuza mara 150. Sasa tokeni Sabine kuelekea mashariki ya Mwezi. Umbali wa mara mbili ya upana wa Sabine mtakuta kitundu, Aldrin, kilomita 3.4. Mbele yake Collins, kilomita 2.4. Mbele zaidi Armstrong, kilomita 4.6, na ndiyo kubwa kati ya hizo tatu. Zimejipanga karibu mstari mmoja. Mahali alipotua ni kusini ya Collins, kama kilomita 20. Hakuna alama yoyote pale, ila chini kidogo kuna kreta inayong'aa iitwayo Moltke, kilomita 6.5, na hiyo mtaiona bila taabu.

Kwa kioo cha mm 114 Armstrong itaonekana kama tone lenye kivuli upande mmoja. Collins ni bahati, hewa ikitulia sana. Msimwahidi mtu Collins.

Kinachoharibu: darubini ikitolewa ndani na kutumiwa papo hapo, joto la bomba huichemsha picha kama maji ya sufuria, kwa hiyo itoeni nje dakika 40 kabla. Msiisimamishe kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa na jua mchana kutwa, wala msitazame juu ya paa la bati. Majani ni bora. Na kumbukeni darubini ya kioo ya aina hiyo hupindua picha juu chini, kwa hiyo ramani ya Mwezi igeuzeni nayo, la sivyo mtatafuta Sabine upande usio wake.

La mwisho ni foleni. Kwa ukuzaji wa mara 150 Mwezi huvuka uwanja wote wa lenzi kwa sekunde 80 hivi. Lazima mtu mmoja akae pembeni ya darubini kazi yake ni kuirudisha tu. Watu 40 kwa dakika mbili kila mmoja ni dakika 80, na mwezi wa usiku wa 5 hutua kama saa nne hivi baada ya jua kutua. Hotuba ziwe baadaye, kwanza watu watazame Mwezi ungali juu.

Kurasa_za_Anga

Kilimia, hiyo picha isimamisheni kwanza. Kwa maelezo yako naona ni ile inayojulikana kuliko zote, namba AS11-40-5903 kwenye orodha ya NASA, na aliyesimama pale ni Buzz Aldrin, mwenzake waliyetua pamoja. Armstrong ndiye mpiga picha. Yumo, ila ni yule mdogo mweupe ndani ya kioo cha kofia ya mwenzake. Kamera ilikuwa mikononi mwake sehemu kubwa ya matembezi yale, ndiyo maana picha zake nzuri akiwa juu ya Mwezi ni chache mno. Kosa hili limechapishwa kwenye tanzia na mabango mengi, na linauma kwa sababu mnamlilia mtu kwa sura ya mwingine aliye hai.

Mnazoweza kutumia bila wasiwasi ni mbili. AS11-40-5886 inamwonyesha yeye mwenyewe kando ya chombo, ametupa mgongo, anafanya kazi. AS11-37-5528 alipigwa ndani ya chombo baada ya kurudi kutoka nje: kofia ngumu imevuliwa, amechoka, macho yamelowa, anatabasamu. Kwa maombolezo mimi ningechukua hiyo ya pili, nikaikuza, nisiweke neno lolote juu yake isipokuwa jina na miaka 1930–2012. (Msiongozwe na mistari myekundu kwenye suti kumtambua kamanda. Mistari hiyo ilianza na suti za safari ya Apollo 13, baada ya hii yao ya Apollo 11, kwa sababu ya mkanganyiko huuhuu.)

Jingine kwenye bango ni tarehe ya kukanyaga Mwezi. Chombo kilitua tarehe 20 Julai 1969, saa 20:17 UTC (majira ya kimataifa). Mguu uligusa ardhi saa 02:56 UTC tarehe 21. Upande wa mashariki wa Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 20, ndiyo maana mnakutana na tarehe zote mbili. Andikeni mojawapo, pamoja na majira mliyoyatumia.

Nanga

Kuhusu kaburi na bendera.

Ibada ya wazi ilifanyika tarehe 13 Septemba 2012 katika Kanisa Kuu la Kitaifa la Washington. Michael Collins, mwenzake wa Apollo 11, aliongoza maombi, na Gene Cernan, mtu wa mwisho kukanyaga Mwezi, alizungumza. Mahali hapo hapakuokotwa tu. Kwenye dirisha mojawapo la vioo vya rangi kanisani humo kuna kipande cha jiwe la Mwezi, gramu 7.18, kilicholetwa na Apollo 11 na kukabidhiwa mwaka 1974. Kesho yake, tarehe 14, majivu ya Armstrong yalizikwa katika Atlantiki kutoka kwenye meli ya kivita USS Philippine Sea. Alikuwa rubani wa jeshi la majini kabla ya kuwa mwanaanga, aliruka mara 78 katika vita vya Korea, kwa hiyo alizikwa kibaharia: mizinga mitatu ya bunduki, bendera ikakunjwa na kukabidhiwa mjane wake, Carol.

Linganisheni na Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani. Alikufa tarehe 27 Machi 1968 kwa ajali ya MiG-15, na majivu yake yamo ukutani mwa Kremlin, Moscow. Mpaka leo wanaanga wa Urusi huenda kuweka mikarafuu myekundu pale kabla ya safari. Idadi ya maua hayo kwa Warusi ni ya shufwa, kwa sababu witiri ni ya walio hai. Yeye ana mahali, Armstrong hana, na nyie msimtengenezee kaburi la uongo. Familia ya Armstrong iliacha ombi siku ile ya msiba: utakapotoka nje usiku ulio safi ukauona Mwezi, umkumbuke Neil, umkonyeze. Kwa Kiswahili kukonyeza kuna maana nyingine pia, waelezeni vijana kwamba hapa ni salamu. Maua kama ni lazima, yawekeni chini ya miguu ya darubini.

Bendera ya taifa acheni. Kuishusha nusu mlingoti ni amri ya serikali, na kwake yeye Rais wa Marekani ndiye aliyetoa tangazo. Tumieni bendera ya klabu. Ipandisheni mpaka kileleni kwanza, itulie kidogo, ndipo ishuke nusu. Wakati wa kuiteremsha irudi tena kileleni kabla ya kushuka yote. Wengi huisimamisha katikati moja kwa moja, na hilo ni kosa.

Mwanazuhura

Nyota msinunue. Chombo kinachotambuliwa kwa majina ya angani ni Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, na hakiuzi jina wala hakitambui hivyo vyeti. Jina mtakalolipia litabaki kwenye daftari la muuzaji peke yake. Tena hamna haja: kreta aliyoieleza Jicho_la_Usiku ilipewa jina lake mwaka 1970, yeye akiwa hai, jambo la nadra. Kwa kawaida mtu lazima awe amefariki angalau miaka mitatu ndipo jina lake lipendekezwe. Hela hiyo nunueni lenzi ya mm 10, mtapata ukuzaji wa mara 90, ambao kwa wageni wasiozoea kuweka jicho ni rahisi kuliko mm 6.

Lakini kuna jambo moja ningependa mlisome kwa sauti jioni hiyo, kwa sababu Armstrong mwenyewe aliwahi kuomboleza, na aliombolezea kulekule. Walikuwa wamebeba mfuko mdogo wenye nembo ya Apollo 1, kwa ajili ya watatu waliokufa kwa moto tarehe 27 Januari 1967, na medali za Gagarin na Vladimir Komarov, wanaanga wa Kisovieti waliokwisha kufariki. Ndani yake kulikuwa pia na tawi la mzeituni la dhahabu na kisahani cha silikoni chenye salamu za viongozi wa nchi 73. Kazi ilikuwa nyingi, muda ukaisha, Aldrin akaanza kurudi ndani mfuko ukiwa bado mfukoni kwenye mkono wa suti. Armstrong ndiye aliyemkumbusha. Aldrin akaudondosha chini, na Armstrong akauweka sawa kwa ncha ya buti. Upo hapo mpaka sasa.

Mkitaka kusoma majina ya marehemu wengine, hakikisheni orodha. Apollo 15 waliacha mwezini sanamu ya alumini ya sentimita 8.5 na kibao cha majina 14 mwaka 1971, na hata hicho kimekosa watu. Valentin Bondarenko, aliyekufa Machi 1961, na Grigori Nelyubov hawamo, kwa sababu vifo vyao vilikuwa siri ya Kisovieti wakati huo.

Kilimia

Nimeshukuru sana wakuu. Nyota tumeifuta, picha tunabadilisha leo. Wazo la mfuko limetugusa, atasoma binti mmoja wa kidato cha pili. Swali lililobaki: mawingu yakifunga tufanye nini?

Jicho_la_Usiku

Kuna njia isiyohitaji anga safi, mnahitaji uwanja wa mpira, kamba na vigingi. Matembezi yao yote, saa 2 na dakika 31, yanaenea ndani ya uwanja mmoja.

Pigeni vigingi 4 kwa umbo la mraba, kutoka kigingi kimoja hadi cha mkabala mita 9.4. Hiyo ndiyo miguu ya chombo. Ngazi ilikuwa upande wa magharibi, wekeni alama. Bendera, kama mita 8 kutoka chomboni. Kisha kutoka chomboni pimeni mita 60 kuelekea mashariki, mchore duara la kipenyo cha mita 30. Hiyo ni kreta iitwayo Little West. Karibu na mwisho wa matembezi Armstrong aliikimbilia peke yake, haikuwa kwenye ratiba, akaipiga picha, akarudi haraka. Hakuna kati yao aliyefika mbali zaidi ya hapo. LRO, chombo cha NASA kinachouzunguka Mwezi, kimepiga picha eneo hilo kutoka juu, na njia ya nyayo zake inaonekana, uzi mweusi unaotoka chomboni hadi ukingoni mwa kreta. Chapisheni picha hiyo, watu washike karatasi mkononi wakati wanaitembea kamba.

Kurasa_za_Anga

Nyongeza ndogo kwa wachoraji wa uwanja: bendera msiisimamishe, ilazeni. Aldrin aliiona ikianguka kwa moshi wa injini walipoondoka, na kwenye picha za LRO kivuli chake hakipo.

Kilimia

Tutailaza. Kamba ya mita 60 tunayo.