"Blaze" ni moto. Sasa bleza imetoka wapi?

FundiMwembeTayari:
Hamjambo wenzangu. Nashona sare za shule hapa Mwembe Tayari, Mombasa, mwaka wa 14 huu. Juzi natia bitana kwenye bleza ya bluu, binti yangu wa kidato cha pili kakaa pembeni na kamusi ya Kiingereza. Akaniuliza, "Mama, blaze ni moto mkubwa. Kwani bleza ni kitu cha kuchomea?" Nikacheka, jibu sina. Akaendelea kusoma: baka jeupe usoni mwa farasi ni blaze, alama inayokatwa kwenye gome la mti ni blaze. Hawa wote baba yao ni moto?

Kibiriti:
Fundi, ivae hiyo bleza Februari, upande matatu ya Feri saa saba mchana. Jibu utalipata kabla ya Makupa.

MfasiriMzee:
Kibiriti, wacha mzaha, ingawa hujakosea sana.

Blaze ya moto ni neno la kale, zamani hata mwenge uliitwa hivyo. Lakini si kila moto. Wa mshumaa ni flame. Blaze ni ule ulioshika makuti.

Bleza ni mwanawe kweli. Pale Cambridge, chuo cha St John's kina klabu ya wapiga makasia, Lady Margaret Boat Club, iliyoanzishwa 1825. Makoti yao ya flaneli yalikuwa mekundu ya kuwaka. Umesikia hapo, fundi? Hata sisi husema rangi inawaka, na hakuna anayekimbilia ndoo ya maji. Mwaka 1889 msomaji mmoja aliliandikia gazeti la Daily News la London akilalamika: enzi zake Cambridge, bleza ilikuwa koti jekundu la Lady Margaret, basi, sasa watu wanaita bleza kila koti la rangi la tenisi na la ufukweni! Angeiona yako ya bluu angezirai.

Farasi ana ukoo wake mwingine, jamaa wa mbali, wenye maana ya weupe unaong'aa. Mti umerithi kwa farasi: ukibandua gome, panabaki baka jeupe kama lile la usoni. Wapasua njia msituni waliweka alama hizo wasipotee, ndipo mtangulizi wa jambo akaitwa trailblazer. Nimewahi kukuta tafsiri ya "aliyewasha njia". Nilifunga kitabu.

BintiWaKwaya:
Shikamoo mzee. Na kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611, Marko 1:45, yule mwenye ukoma aliyetakaswa? Naye ali-blaze habari.

MfasiriMzee:
Marahaba mwanangu. Hapo hakuna moto kabisa. Hiyo ni blaze ya kupuliza, kama mtu apulizaye tarumbeta. Waliotutafsiria wakaandika kutangaza, wakamaliza.

Kibiriti:
Na Mzungu akikwambia "go to blazes"?

MfasiriMzee:
Huko ni jehanamu. Moto wenyewe huo, usiulize ukoo.

FundiMwembeTayari:
Ahsanteni sana. Nimemsomea yote. Sasa anataka bleza nyekundu, ati ndiyo ya asili. Kitambaa ninacho, mabaki ya joho za kwaya, ila naibu mwalimu mkuu atamrudisha nyumbani kabla ya gwaride la asubuhi.