Kichaka cha vipepeo: kimekufa au bado kimelala? (Columbus, Ohio)

MamaZuhra (9 Mei)
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri kabla sijashika koleo. Mwaka jana Septemba nilinunua kile kichaka cha vipepeo kifupi, kinaitwa Blue Chip, maana nafasi yangu ni ndogo hapo pembeni ya ngazi na yale ya kawaida yanapita kichwa cha mtu mzima, hiki wao wameandika hakipiti futi 3. Kikatoa maua wiki tatu hivi, rangi ya zambarau inayoelekea bluu, na vipepeo wawili wakaja, binti yangu wa miaka sita akawa akishuka kwenye basi la shule anapitia hapo kwanza ndo anaingia ndani. Sasa leo waridi zangu zimeshajaa majani, mpaka majani ya kukata kwa mashine nshakata mara mbili, hiki kichaka ni vijiti vikavu vya kahawia tu. Mtoto kila siku, mama wamerudi? Udongo wetu hapa ni mfinyanzi ule mzito unaong'ang'ania kiatu, aliyeniuzia akasema nimwage kokoto chini ya shimo ili maji yapite, nikamwaga. Halafu Novemba nilikikata chote kikabaki shubiri moja, nilikiona kimechakaa. Ning'oe nipande kingine au nisubiri?

babu_wa_uwani
Dada using'oe!! Hapo ndo watu wengi wanapoua mmea mzima wenyewe. Hiki kichaka ni cha mwisho kuamka, wenzake wote wakishavaa majani chenyewe bado kimelala, mie cha kwangu mwaka mmoja kilichipua mwisho wa Mei kabisa na nilikuwa nshakitoa moyoni. Fanya hivi, shika kijiti kimoja ukikwangue kidogo kwa ukucha, ganda la juu tu. Ukiona kijani chenye unyevu kijiti kiko hai. Ukiona kahawia kavu shuka chini inchi mbili ukwangue tena, endelea hivyo hivyo mpaka pale shina linapoingia ardhini. Kwenye baridi kama ya Ohio ni kawaida vijiti vyote vya juu kufa na mmea ukaanza upya toka chini, kwa hiyo vijiti kuwa vikavu peke yake hakuniambii kitu.

Sasa kosa ni lile la Novemba mama. Usikate kabla ya winta. Vile vijiti vikibaki vinakinga shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mizizi, na baridi, ukivikata unaiacha na vidonda vibichi halafu barafu inaingia. Acha vibaki hivyo hivyo mpaka springi, ukiona macho ya kijani, yaani machipukizi, yanatokeza chini ndo unakata, hata ukibakiza inchi 8 sawa tu. Hutapoteza ua hata moja kwa sababu maua yanatoka kwenye matawi mapya ya mwaka huohuo.

Salma_Louisville
Naungana na babu ila mie hofu yangu ni maji kuliko baridi. Huo ushauri wa kokoto dada umekuponza, pole sana. Kwenye mfinyanzi ukichimba shimo ukaweka kokoto chini umetengeneza bakuli, maji ya pande zote yanakuja kukaa humo na mizizi inaogelea winta nzima. Hiki kichaka kinavumilia jua na ukame wa ajabu kikishashika lakini miguu ikilowa wakati wa baridi kinaoza. Pima mwenyewe, chimba kishimo cha futi moja pembeni, jaza maji, yaache yanywewe, jaza tena. Ukikuta mpaka asubuhi maji bado yapo basi ndo ugonjwa wenyewe huo.

Dawa yake ni kupandisha juu. Fanya tuta la inchi 6 mpaka 8, udongo uchanganye na mboji, shimo liwe pana sio kidimbwi chenye kina, na shingo ya mmea usiifukie. Mbolea usihangaike nayo, ukiinenepesha sana unapata majani mengi maua machache. Jua lisipungue saa sita kwa siku.

mwana_wa_Portland
Kwa faida ya wengine wanaosoma, huku Oregon kichaka hiki cha kawaida kimewekwa kwenye orodha ya magugu waharibifu, hakiuzwi, maana kila shada linamwaga mbegu laini maelfu zinapeperuka mpaka kingo za mito na kuziba mimea ya asili. Kwao ni China, jina lake la kitaalamu ni Buddleja davidii, na hiyo davidii ni ya padri Mfaransa Armand David aliyekuwa akikusanya mimea kule. Ila Blue Chip ni kati ya iliyoruhusiwa kwa sababu mbegu zake karibu zote hazioti, aliizalisha Dennis Werner wa chuo kikuu cha jimbo la North Carolina. Kwa hiyo MamaZuhra ulichagua vizuri, sio ufupi tu.

Bi_Mwanakombo_Reading
Uingereza huku kimejaa kando ya reli na juu ya kuta za majumba mabovu, baada ya vita vya pili kiliota kwenye magofu ya mabomu London. Mmea unaoota kwenye tofali! Ndo ujue kinapenda pakavu, Salma kasema kweli.

Jambo jingine mwanangu, kwa ajili ya huyo mjukuu wangu. Maua haya yanamlisha kipepeo aliyekwisha komaa peke yake. Viwavi wa hao vipepeo wenu hawali majani yake. Kama mtoto anataka waje wakae wazae, panda jirani yake ule mmea wa utomvu mweupe, milkweed wanauita, wale vipepeo vya rangi ya chungwa vya monarch hutaga hapo tu. Ataona yai, ataona kiwavi wa milia, atafurahi kuliko ua. Na dawa ya wadudu usipulize kabisa.

Neema_Arusha
Jamani na sie tunaweza kupata? Huku kwetu baridi ya Julai tu hakuna barafu.

babu_wa_uwani
Neema, nyanda za juu Kenya na Tanzania mna ndugu yake wa asili, Buddleja polystachya, maua ya manjano yanayoelekea chungwa, nyuki wanaupenda sana. Ni mkubwa, wa kuweka kwenye ua wa nyumba. Uliza kwenye vitalu vya miti ya asili kabla hujatafuta wa kigeni.

MamaZuhra (24 Mei)
Nimerudi wapendwa. Nilikwangua vijiti vinne, juu vyote kahawia, nikashuka mpaka usawa wa udongo, kijiti kimoja kikatoa kijani. Moyo ulinidunda. Kishimo nilijaza jioni, asubuhi maji yalikuwa bado nusu, kwa hiyo Salma umenifungua macho. Nikakitoa na bonge lake la udongo mzima, mizizi ya upande wa kokoto ilikuwa myeusi na inanuka nikaikata, ile mingine myeupe bado. Nimekiinua kwenye tuta la inchi 7 na mboji, nimemwagilia mara moja nikaacha.

Leo asubuhi Zuhra kaniita kwa kelele toka nje. Kumetoka macho mawili pale chini, yana rangi ya kijivu yenye unyoya kama sikio la panya. Kaniambia nisiyaguse. Milkweed tunaenda kununua Jumamosi.

babu_wa_uwani
Alhamdulillahi. Mwambie Zuhra asimwagilie kila siku, ang'oe magugu tu.