Aliyegombea urais akashindwa, 2030 arudi palepale au aanzie ubunge?

Mtoto wa Bahi Road

Wakuu habari za jioni. Jana pale kijiweni Majengo karibu na soko tulibishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akaondoka, tukabaki tumekaa gizani tunaendelea, na mpaka naingia kulala sikuwa nimepata jibu la kuniridhisha ndo maana naileta hapa.

Mzee mmoja aliuliza hivi, mtu akishagombea urais akakosa, anaishi wapi kisiasa hiyo miaka mitano? Maana kwa sheria zetu huwezi kugombea urais na ubunge kwa mpigo, kwahiyo ukikosa Ikulu na bungeni haumo. Dk Slaa 2010 alipata kura 2,271,941, mtu aliyekuwa mbunge wa Karatu toka 1995 na alikuwa anaisumbua serikali kwelikweli mle ndani, akaacha jimbo akaenda kwenye urais, matokeo yakatoka, basi. Watu zaidi ya milioni mbili wamempa kura na bunge lililofuata yeye hakuwemo. Sisi wa hapa Dodoma wabunge tunapishana nao barabarani kila mkutano wa bunge ukianza, tunaona kabisa nani ana pa kusemea na nani hana.

Sasa swali. Mtu wa aina hiyo, awe wa chama chochote, 2030 arudi tena kwenye urais, ashuke agombee ubunge, au apishe wengine? Mi msimamo wangu ni arudi ila aanzie ubunge. Pale kijiweni waliniambia namdhalilisha mgombea urais kumrudisha jimboni, nimeumia kwakweli maana sioni udhalili wowote hapo.

Nkuhungu Moja

Mkuu mi niko tofauti na wewe, apishe. Angalia Prof Lipumba, msomi wa uchumi mzuri tu na namheshimu, kagombea 1995, 2000, 2005, 2010 halafu akarudi tena 2020. Mwaka 2000 alikuwa na kama asilimia 16, 2005 ikashuka kwenye 11 na kitu, 2010 ikawa kama 8. Wananchi wanakwambia kidogokidogo na wewe husikii. Na kila anaporudi kuna mtu wa miaka 42, 45 ndani ya chama chake anayesubiri zamu, na katiba inataka miaka 40 tu kugombea urais, kwahiyo hao vijana wanaruhusiwa kabisa, ni sisi tunaowaambia subirini mzee amalize. Mpaka mzee amalize na wao wameshakuwa wazee.

Sio kwamba namchukia mtu, ila urais sio shamba la urithi.

Mpenda Ramani

Zambia mmesahau? Hichilema kashindwa 2006, 2008, 2011, 2015, 2016, na 2017 akakaa mahabusu miezi kama minne kwa kesi ya uhaini, 2021 akaapishwa. Angepisha baada ya mara ya pili leo tungekuwa hatumjui. Kibaki wa Kenya naye alishindwa 1992 na 1997, akashinda 2002. Kuhesabu mara ngapi mtu kagombea hakutusaidii kitu.

Mwalimu Mstaafu Kondoa

Wanangu nimewasoma wote, nami niweke la kwangu kwa sababu mengi ya haya nimeyaona kwa macho.

1995 CCM walifanya mkutano mkuu wao hapahapa Dodoma, wakabaki watatu, Mkapa, Kikwete na Msuya. Kikwete alikuwa kijana na alikuwa na watu wengi ukumbini, akakosa. Hakuhama wala hakununa hadharani, akapewa Mambo ya Nje akakaa nayo miaka kumi, 2005 akarudi akashinda kwa asilimia 80 na ushee. Huyo alirudi, lakini katikati alikuwa na kazi na watu walikuwa wanamuona anaifanya.

Mzee wetu Malecela, mtoto wa hapa kwetu, waziri mkuu mstaafu, alitaka urais kupitia chama chake na jina halikufika mwisho. Ila Mtera hakuiacha, aliendelea kuwa mbunge mpaka 2010 alipopitwa na Lusinde kwenye kura za maoni. Hakuna mtu wa Mvumi atakayekwambia mzee alijidhalilisha kukaa na jimbo lake.

Halafu Mrema. Nyie wengi mlikuwa hamjazaliwa, 1995 huyo mtu alikuwa anasukumwa gari lake na wananchi, nakumbuka vijana wakisema hata petroli haina kazi. Karibu asilimia 28 aliondoka nayo. Akahama NCCR akaenda TLP, akagombea tena 2000, akagombea tena 2005, na hiyo ya 2005 hakufika hata asilimia moja. Kilichomrudisha ni Vunjo, 2010 aliomba ubunge nyumbani kwao akapata. Mbowe vilevile, 2005 aligombea urais hakufika mbali, 2010 akarudi Hai kama mtu mzima akachukua jimbo na akawa kiongozi wa upinzani bungeni mpaka 2020. Sasa linganisheni wenyewe, mwaka uleule 2010 Mbowe anaingia bungeni na Slaa anatoka. Ndo maana mimi nakubaliana na aliyeanzisha, japo nisingesema ni kushuka, hilo neno kushuka ndo linalowaharibia.

Mtoto wa Bahi Road

Shikamoo mwalimu. Hilo la 2010 sikuwahi kulipanga hivo kichwani, asante sana.

Mama Zabibu Hombolo

Mi sio mtu wa siasa sana nalima zabibu huku Hombolo ila hii imenigusa ngoja niseme. Kuna mwaka alikuja mgombea wa urais, sitaji jina wala chama, akasimama juu ya gari akaongelea bei ya zabibu vizuri mno mpaka nikalia, maana mwaka ule tulikuwa tunabembeleza wanunuzi na zabibu zinaoza shambani na ukishavuna haikungoji hata siku tatu kwenye jua hili, akasema nikishinda nikishindwa nitarudi hapa tukae chini tuongee. Nikamchagua na mume wangu nikambana akamchagua. Akashindwa. Mpaka leo hajarudi, hata kupita tu akielekea mjini.

Mzabibu ukishavuna lazima uupogoe, unabaki kijiti kikavu mtu mgeni akiuona anadhani umekufa, na ndo wakati una kazi nyingi kuliko wote, samadi, kumwagilia, kupalilia, na hakuna anayekuja kukupongeza. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka lakini kazi haina likizo. Kwahiyo mi wala siangalii kashindwa mara ngapi wala anataka ubunge au urais. Nataka kujua kipindi kile hana kura ya kuomba alikuwa wapi. Akiwa alikuja kutuuliza zabibu zimeuzwaje nampa kura hata akigombea mara ya sita.

Nkuhungu Moja

Mama umenigusa kwakweli. Ila bado nauliza, akija kukusikiliza miaka mitano yote bila cheo, hela ya mafuta anatoa wapi? Siasa za kwetu ukishakosa cheo hata wapambe wanaacha kupokea simu. Narudi kwenye hoja ya vijana, waachiwe.

Mlinda Kura

Wadau naona mnaongea kama kila aliyeshindwa kashindwa kwenye uwanja uliosawazishwa. Ibara ya 41(7) ya katiba inasema Tume ikishamtangaza mtu kuwa rais hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mbunge akitangazwa unaweza kwenda mahakama kuu na jimbo likarudiwa, rais huwezi. Kwahiyo mgombea anayeamini hakutendewa haki kisheria hana mlango mwingine zaidi ya kurudi kwenye sanduku uchaguzi unaofuata, ndo rufaa yake hiyo.

Na kuna watu wamelipa gharama ambayo huwezi kuwaambia pisha kirahisi. Lissu alipigwa risasi hapahapa Area D tarehe 7 Septemba 2017, sisi tunaokaa huku tunakumbuka mchana ule, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji, 2020 akarudi akagombea, Tume ikamtangazia kura 1,933,271. Iwe unampenda au humpendi, mtu huyo nani wa kumwambia umeshapata nafasi yako?

Mwalimu Mstaafu Kondoa

Mlinda Kura hapo umesema kweli na mimi nilipita haraka. Maalim Seif aligombea urais wa Zanzibar mara sita, 1995 mpaka 2020, na mara nyingi aliamini haki yake imekaliwa. Lakini angalia, mwaka 2010 aliingia serikali ya umoja wa kitaifa kama makamu wa kwanza, na Desemba 2020 tena, miezi michache kabla hajafariki. Alikuwa na mahali pa kukaa na watu wake walikuwa wanamfikia. Bara hatuna kitu kama hicho. Wa pili anarudi nyumbani mikono mitupu, hata awe na kura milioni sita kama Lowassa 2015.

Mtoto wa Bahi Road

Lowassa ndo alinifanya nianze kufuatilia mambo haya nikiwa sekondari. Julai ile jina lilikatwa hapahapa mjini, tulikuwa tunasikia wajumbe wanaimba wana imani naye, miezi mitatu baadaye ana kura milioni 6 na laki kidogo kupitia upinzani, 2019 akarudi CCM na hakugombea tena chochote mpaka anafariki 2024. Zile kura milioni sita zilikosa mtu wa kuzisemea.

Nimebadilika kidogo baada ya kuwasoma. Ubunge bado nautaka, na nikipata nafasi ya kuongea kwenye marekebisho ya katiba nitaomba mgombea urais wa pili awe na kiti bungeni moja kwa moja, apewe pa kusemea na hela ya mafuta ambayo Nkuhungu anaiulizia. Ila kwa 2030 nitaanza na swali la mama wa Hombolo. Mama naomba nikuulize, huyo mgombea akirudi kesho, kabla hajaomba kura, utamkaribisha?

Mama Zabibu Hombolo

Nitamkaribisha, nitampa na zabibu ale. Halafu nitamuuliza alikuwa wapi.