Ushauri: binamu alidipotiwa Marekani, akarudi kwa njia za panya, sasa ana kesi ya jinai

Mwana_Heru: Wakuu, heshima kwenu. Niko Kasulu. Binamu yangu alizaliwa kambini Nyarugusu, 2010 akaenda Marekani na mama yake kama wakimbizi. Baadaye alifungwa kwa dawa za kulevya, 2022 akarudishwa Kongo. Sasa kaingia tena kupitia Mexico, kadakwa Texas. Kuna mtu anataka milioni 4 "aimalize kesi". Tutume?

Kibirizi: Msitume hata mia. Hiyo ni kesi ya mahakama ya shirikisho. Asiye na uwezo anapewa wakili wa kumtetea bure. Kosa ni kurudi bila ruhusa ya serikali baada ya kufukuzwa, kifungu cha 1326 cha sheria za Marekani. Kifungo ni hadi miaka 2. Kama alikuwa na kosa kubwa kabla ya kufukuzwa, hadi 10. Kama lilikuwa la kuuza dawa, hadi 20. Hiyo ni dari tu, wengi hupewa pungufu.

Gungu_kwa_Gungu: Si aseme tu hakujua kwamba haruhusiwi?

Kibirizi: Haimsaidii, mkuu. Kosa ni kurudi bila ruhusa, si kujua au kutojua. Kwenye faili lake kuna fomu I-205, hati ya kumwondoa nchini: ina picha yake, alama ya kidole cha shahada cha kulia, na sahihi ya ofisa aliyeshuhudia akiondoka. Alama za sasa zikilingana na zile, ubishi kwamba ni yeye aliyefukuzwa umekwisha.

Bibi_Titi_wa_Mwanga: Mwana_Heru, mama yake aliapa uraia wa Marekani?

Mwana_Heru: Ndiyo dada, Juni 2016.

Bibi_Titi_wa_Mwanga: Basi hapo ndipo penye kesi. Sheria hii inamshika mgeni tu, yaani asiye raia. Mama akiwa raia huku mtoto hajatimiza miaka 18, ana kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) na anaishi kwa mama mwenye malezi yake, mtoto anakuwa raia papo hapo, hata bila cheti cha uraia. Alizaliwa lini?

Mwana_Heru: Karatasi za kambi zinasema 1/1/1998. Shangazi anasema Novemba.

Bibi_Titi_wa_Mwanga: Hiyo 1 Januari ni ugonjwa wa kambi zote, asiyejulikana siku yake huandikiwa hiyo. Mama alipoapa, kwa Januari alikuwa na 18 tayari, kwa Novemba alikuwa na 17. Tafuteni kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo, vya wakati ule ule. Kiapo cha shangazi kilichoandikwa leo peke yake ni chepesi. Skeni kwa rangi, mbele na nyuma, hata penye doa la chai. Msipige laminesheni wala kukolezea wino uliofifia, mtaonekana mmeghushi. Skeni hizo mpelekeeni wakili, nakala halisi zibaki kwenu.

Kibirizi: Na wakili azipate haraka, kabla binamu hajakiri. Waendesha mashtaka wa mpakani mara nyingi humpunguzia anayekiri mapema, ila humtaka aachie haki ya kukata rufaa. Akipiga simu toka mahabusu msizungumzie tarehe wala njia aliyopita. Simu zile zinarekodiwa.

Mwana_Heru: Kadi ya kliniki ipo, ila mwezi umeliwa na mchwa.

Bibi_Titi_wa_Mwanga: Angalia safu ya chanjo. BCG, ile ya kifua kikuu, hudungwa mtoto akizaliwa, tarehe yake iko hapo.