Tupeane uzoefu: nani kashawahi kukesha na kifaranga wa bata?

mzee_wa_chanika: Wakuu salama? Asubuhi nimefungua boksi nakuta kifaranga mmoja kalala chali anapiga miguu hewani kama anaendesha baiskeli, nikimsimamisha anadondoka. Nimewakumbuka wale wa mwaka juzi, bata alitotoa 9 mpaka siku ya nne wamebaki 3. Jirani ndo akaja kuchungulia akacheka, eti umewatandikia magazeti? Yanateleza, miguu inatanuka kila mmoja na njia yake. Weka maranda au gunia kuukuu. Huyu wa leo nimemfunga miguu kwa bendeji nikaacha nafasi ya vidole viwili, yuko kama mahabusu. Nyie mlipitia yapi?

mamaShani: Magazeti!! Hata mimi yaliniliza.

kifaranga_mkongwe: Mi langu ni la aibu. Nilisoma kwamba mayai ya bata ni siku 28. Ya 30 ikafika kimya, nikasema haya ni viza, nikaanza kuyatupa jalalani. La tatu likapasuka, ndani kifaranga mzima kabisa, mdomo unafunguka na kufunga. Kumbe hawa wenye uso mwekundu wa minyamaminyama ni siku 35. Yule bata alikaa juu ya kiota kitupu siku mbili, nikipita ananiangalia tu.

Fundi_Totoleshi: Ndo maana nasema mtumie mashine ya kutotolesha. Na akichelewa kutoka msaidie, bandua ganda taratibu na maji ya vuguvugu.

bibi_wa_mtetea: Fundi usipotoshe watu. Akishatoboa anaweza kupumzika siku nzima au mbili, kiini bado kinaingia tumboni. Ukibandua unakata mishipa damu inatoka. Nishaua hivyo wanne kwa huruma yangu.

Fundi_Totoleshi: Wako walikufa kwa sababu una haraka bibi.

bibi_wa_mtetea: Haraka ninayo mimi au wewe unayebandua?

PwaniKilifi: Huku kwetu stima zikipotea tunawawekea chupa ya maji moto iliyofungwa na leso, wanaikumbatia kama mama.

mamaShani: Stima ikipotea si mkaitafute baharini 😂

PwaniKilifi: Haya, umeme. Hamchoki nyie.

jogoo_la_Moro: Naona mnataniana, acha niwaambie ya kwangu maana hadi leo nikisikia harufu ya mkaa nashtuka. Nilikuwa na vifaranga 23 kwenye karai kubwa chumbani kwa wanangu, balbu juu yao. Mvua kubwa, saa nane usiku umeme ukakata, ndani ya nusu saa wamerundikana wanalia ile sauti nyembamba ya baridi. Nikawasha jiko nje likashika vizuri, nikaliingiza ndani, nikafunga dirisha na mlango ili joto lisitoke, nikajiona bonge la mfugaji. Nikaenda kulala. Kilichoniokoa ni haja ndogo. Napita mlangoni kwao nasikia kimya, hakuna hata kifaranga mmoja anayelia, nikafurahi kwanza wamepata joto, halafu moyo ukakataa. Kufungua, vifaranga wamelala wote shingo zimenyooka, mwanangu wa mwisho namuita haitiki, mkubwa anatapika amekaa kitandani hajui aliko. Niliwabeba wote wawili mara moja hadi barazani kwenye mvua, sijui nguvu nilitoa wapi. Hospitali wakawekewa oksijeni, wakapona. Vifaranga hakupona hata mmoja. Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu ndugu zangu.

mamaShani: Jamani nimesimama kuandika. Pole sana baba.

kifaranga_mkongwe: Sasa hivi nimeenda kutoa jiko la mama mkwe, halina bata wala nini.

bibi_wa_mtetea: Pole mwanangu. Mungu alikuamsha.

Fundi_Totoleshi: Hapo bibi tuko pamoja. Pole mkuu.

mzee_wa_chanika: Pole sana Moro. Nami nalala na boksi chumbani, leo linahamia sebuleni.

kijana_wa_pumba: Tukirudi kwa mgonjwa, miguu ikilegea ni vitamini B3 imepungua, bata wanaihitaji kuliko vifaranga wa kuku. Stata ya kuku, kile chakula cha vifaranga cha dukani, peke yake haiwatoshi. Saga dagaa na karanga uchanganye.

PwaniKilifi: Karanga angalia sana. Nililisha za chini ya gunia zenye ukungu, siku mbili zizi tupu. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, bata haiwezi kabisa, kuku walikula zilezile wakadunda.

mamaShani: Mpe beseni aogelee akaze misuli.

bibi_wa_mtetea: Aogelee nani? Asiye na mama hana mafuta ya manyoya, analowa kama kitambaa anakufa baridi. Kisosi chenye kokoto, maji yafike puani aoshe pua basi. Mimi niliwalaliza chini ya mtetea, siku wameona dimbwi wakajitosa, kuku akazunguka ukingoni anapiga yowe hadi majirani wakatoka wakidhani nyoka.

kijana_wa_pumba: Nilianza kufuga ili nile bata, sasa bata ndo wananila mimi.

mzee_wa_chanika: Mrejesho: amesimama na pingu zake, amekunywa maji, amepiga hatua tatu akalala chali tena. Dagaa nasaga.

mgeni_wa_leo: Samahani wakuu, hao wazima wanauzwa bei gani?